Catherine Booth na Haki ya Mwanamke Kuhubiri: Kutoka Gateshead hadi Kivu

Utangulizi

Katika makanisa ya Kiprotestanti ya Bukavu, kuanzia mtaa wa Nyalukemba na mitaa mingine ya komini ya Ibanda mpaka Kadutu na Bagira, husikika jina la heshima "mama mchungaji". Mgeni akilisikia hawezi kujua mara moja anayetajwa ni nani. Huenda ni mwanamke aliyesomea theolojia, akawekewa mikono na kukabidhiwa waumini. Huenda pia, na ndivyo ilivyo mara nyingi zaidi, ni mke wa mchungaji, ambaye hakuwekewa mikono na mtu yeyote, ila kwa sababu ya ndoa yake anatazamiwa kuongoza maombi, kufundisha wanawake wenzake, kuzuru wagonjwa na kufiwa, na kuhubiri pale anapotakiwa. Jina ni moja na kazi inakaribia kuwa ileile. Kinachotofautiana ni mamlaka.

Tatizo lililojificha ndani ya jina hilo halikuanzia Kivu. Lilizuka kwa uwazi mkubwa huko Uingereza katika karne ya 19, enzi ya Malkia Victoria, na mmoja wa waliolitolea maelezo ya kitheolojia yenye nguvu zaidi alikuwa mwenyewe mke wa mchungaji: Catherine Booth (1829–1890), aliyeanzisha Jeshi la Wokovu pamoja na mumewe, William. Makala haya yanachunguza theolojia yake ya mahubiri, kisha yanafuata urithi wake mpaka Afrika ya Mashariki na Kongo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Catherine hakuiomba mimbari kama hisani, wala hakuidai kwa kutegemea haki za kiraia peke yake. Alishikilia kwamba ukimya wa mwanamke kanisani ulitokana na maandiko kusomwa vibaya na kufasiriwa vibaya. Kwa hiyo suala lake linawahusu wanafunzi wa lugha sawasawa na wanafunzi wa dini, na Kiswahili, kama itakavyoonekana, kina ushahidi wake katika kesi hiyo.

Malezi

Catherine Mumford alizaliwa tarehe 17 Januari 1829 katika mji wa Ashbourne, jimbo la Derbyshire. Baba yake, fundi wa magari ya farasi, alikuwa mhubiri wa kujitolea wa Kimethodisti ambaye baadaye alitekwa na ulevi. Chuki aliyokuwa nayo Catherine juu ya pombe maisha yake yote haihitaji maelezo zaidi. Alifundishwa na mama yake nyumbani. Ugonjwa wa uti wa mgongo ulimlaza kwa miezi mingi akiwa msichana, naye akautumia muda huo kusoma theolojia na historia ya Kanisa. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba kabla hajatimiza miaka 12 alikuwa amekwisha kuisoma Biblia nzima mara nane. Chuo hakuingia, kwa kuwa vyuo vya wachungaji wakati huo havikuwa na nafasi ya mwanamke.

Hata kabla ya kuolewa alikuwa na msimamo. Alipomsikia mchungaji wake wa London, David Thomas, akizungumzia udhaifu wa wanawake, alimwandikia barua kumpinga: tofauti iliyoonekana kati ya akili za wanaume na za wanawake, alisema, ilitokana na elimu waliyonyimwa wanawake, si na maumbile yao. Mchungaji huyohuyo ndiye aliyemfungisha ndoa na William Booth tarehe 16 Juni 1855. Inapendeza kukumbuka kwamba William mwenyewe hakuwa na uhakika wakati huo kama mwanamke afaa kuhubiri. Aliyembadilisha alikuwa mchumba wake, kwa barua.

Kijitabu cha 1859

Mwaka 1859 mhubiri wa Kimarekani, Phoebe Palmer, alifika kaskazini mwa Uingereza pamoja na mumewe, Walter. Watu wengi walivutwa na mikutano yake. Mchungaji mmoja wa Sunderland, Arthur Augustus Rees, alitoa kijitabu kuipinga kazi hiyo, akitegemea barua za Paulo kwa Wakorintho na kwa Timotheo: mwanamke na anyamaze, kwa kuwa Hawa ndiye aliyedanganywa kwanza. Catherine, aliyekuwa akiishi Gateshead ambako mumewe alikuwa mchungaji, alikuwa mja mzito wa mtoto wake wa nne. Hakungoja mtu mwingine ajibu. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amechapisha kijitabu chake mwenyewe cha kurasa 32 kutetea mafundisho ya wanawake. Mwaka 1870 alikitoa tena kikiwa kimefupishwa na kupewa jina jipya, na ndicho kilichokuja kuwa msingi wa desturi ya Jeshi la Wokovu.

Kijitabu hicho kinajibu kwanza hoja ya maumbile na adabu. Waliosema kwamba ni aibu mwanamke kusimama mbele ya watu walikuwa haohao waliolipa fedha kumsikiliza mwanamke akiimba jukwaani. Lakini Catherine hakukaa sana hapo. Uwanja wake hasa ni maandiko, na ndani ya maandiko, tafsiri.

Mfano wa kwanza ni Fibi, anayetajwa mwanzoni mwa sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi. Neno la Kiyunani linalomwelezea ni "diakonos". Biblia ya Kiingereza iliyotumika wakati huo, ile ya mwaka 1611, ilimwita mtumishi tu. Ilhali neno hilohilo, lilipotumiwa kwa Paulo au kwa wasaidizi wake wa kiume, lilitafsiriwa kwa jina la wadhifa wa kanisa. Catherine aliuliza swali ambalo mhariri yeyote wa kamusi angeliuliza: kwa nini neno moja lipewe maana mbili kwa kufuata jinsia ya mwenye kuitwa? Msomaji wa Kiswahili anaweza kulijaribu swali hilo katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952. Humo Fibi ni "mhudumu", na Paulo na Apolo nao, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ni "wahudumu". Hapa watafsiri wa Kiswahili walimtendea Fibi haki kuliko wale wa Kiingereza. Hata hivyo, mwanzoni mwa Waraka kwa Wafilipi na katika maagizo kwa Timotheo, neno hilo la Kiyunani linageuka na kuwa "mashemasi", jina la cheo. Fibi hakupewa ushemasi. Pengo limepungua, halikuzibwa.

Mfano wa pili ni Yunia, anayesalimiwa pamoja na Androniko katika sura hiyohiyo ya Warumi na kuhesabiwa miongoni mwa watu mashuhuri wa kundi la mitume. Catherine alimtaja Yunia kama mwanamke, akitegemea ushahidi wa wafasiri wa kale, mmoja wao Krisostomo wa karne ya 4. Alilalamika kwamba Kiingereza kiliwafanya wasomaji wadhani Yunia ni mwanamume, kwa kuwa neno walilolitumia la ndugu wa ukoo lina jinsia ya kiume. Katika Kiswahili wawili hao ni "jamaa" za Paulo, na neno "jamaa" halina jinsia. Kwa hiyo Kiswahili hakimdanganyi msomaji; lakini hakimwambii pia. Mhubiri asiyejua historia ya jina hilo anaweza kulipita maisha yake yote bila kutambua kwamba amempita mwanamke aliyehusishwa na mitume.

Mfano wa tatu ndio wenye utamu zaidi kwa wasomaji wa lugha yetu. Zaburi ya 68, aya ya 11, inasema juu ya kundi kubwa linalotangaza neno la Bwana. Katika Kiebrania kitenzi-jina cha watangazaji hao kiko katika jinsia ya kike. Biblia ya Kiingereza iliuficha ukweli huo, ikatia kundi la watangazaji lisilojulikana ni la nani, na Catherine aliufichua. Biblia ya Kiswahili ya 1952 haikuuficha: inawataja wanawake waziwazi, na neno ililolichagua kwa kundi lao ni "jeshi". Watafsiri bila shaka hawakuwa wakiwaza Jeshi la Wokovu. Lakini Mswahili anayeifungua Zaburi hiyo anakutana, bila kuhitaji kijitabu chochote, na jambo ambalo Catherine ilimbidi alithibitishe kwa bidii mbele ya wanazuoni wa nchi yake.

Si hoja zake zote zilizodumu. Alipofikia amri ya ukimya katika sura ya 14 ya Wakorintho, alidai kwamba kitenzi cha Kiyunani "lalein" kinaweza kumaanisha kupayuka au kuropoka, na kwamba Paulo alikataza fujo ya maneno, si mahubiri. Hoja hiyo ni dhaifu. Katika sura hiyohiyo kitenzi hichohicho kinatumika kwa manabii wanaposema neno la Mungu, na hakuna anayedai kwamba manabii walikuwa wakiropoka. Kiswahili cha Muungano kinauanika udhaifu huo mara moja, kwa kuwa kimetumia "kunena" pande zote mbili. Hoja yake nyingine ilikuwa imara zaidi. Katika sura ya 11 ya waraka huohuo Paulo anatoa maagizo ya namna mwanamke afunike kichwa anapoomba na kutoa unabii mbele ya waumini. Mtu hatoi kanuni za mavazi kwa kazi aliyoipiga marufuku. Kwa hiyo, alisema Catherine, ukimya wa sura ya 14 hauwezi kuwa wa jumla; na ni kweli pia kwamba sura hiyo inawaamuru wanaume wanenao kwa lugha, na nabii aliyetangulia kusema, wanyamaze kwa wakati wao ili utaratibu upatikane.

Roho na utakaso

Ingekuwa makosa kumfanya Catherine mtaalamu wa sarufi tu. Nguzo ya theolojia yake ni Pentekoste: ahadi ya nabii Yoeli, iliyorudiwa na Petro katika Matendo ya Mitume, kwamba Roho atamwagwa juu ya wana na mabinti, nao watatabiri. Kama Roho amempa mwanamke neno, kanisa linalomnyamazisha halimpingi mwanamke bali linampinga aliyemtuma. Hapa ndipo alipotofautiana na Phoebe Palmer, ambaye alimtetea sana. Palmer alitetea ushuhuda wa mwanamke chini ya msukumo wa Roho, lakini hakudai madaraka ya kichungaji. Catherine alikwenda mbele zaidi: huduma ni ya mwanamke sawasawa na mwanamume, si kwa dharura tu wala kwa kukosekana mwanamume wa kuifanya.

Kuandika ni kitu kimoja na kusimama ni kingine. Alikuwa mwoga wa kusema hadharani. Jumapili ya Pentekoste, tarehe 27 Mei 1860, katika kanisa la Bethesda huko Gateshead, mbele ya watu zaidi ya elfu moja, aliinuka kutoka kitini pake mumewe alipomaliza kuhubiri, akaenda mbele na kumwambia kwamba anataka kusema neno. Alikiri mbele ya umati kwamba kwa muda mrefu alikuwa akiukataa wito wake. William akatangaza papo hapo kwamba jioni ile mkewe ndiye atakayehubiri. Mtoto aliyekuwa tumboni alipoandika kijitabu, Emma, alikuwa na miezi minne tu.

Mafundisho yake juu ya utakaso yalitoka kwa John Wesley, yakapitia kwa wahubiri wa uamsho wa Kimarekani: kwamba mwamini anaweza, katika maisha haya, kusafishwa moyo wake kwa neema na kujazwa upendo mkamilifu. Utakaso huo haukuwa wa kujifungia chumbani. Aliyetakaswa alipaswa kwenda barabarani, sokoni na kwenye vilabu vya pombe. Mwaka 1861 yeye na mumewe waliyaacha madaraka ya Kimethodisti kwa sababu viongozi walikataa kumwachia William kazi ya uinjilisti wa kuzunguka. Mwaka 1865 wakaanzisha misheni mashariki mwa London, ambayo mwaka 1878 ilipewa jina la Jeshi la Wokovu. Wakati William akihubiri kwa maskini wa Whitechapel, Catherine alihubiri pia katika kumbi za matajiri wa magharibi ya jiji, na mapato ya mahubiri na maandishi yake yalikuwa tegemeo kubwa la nyumba yenye watoto wanane.

Katika kanuni za misheni za mwaka 1870 nafasi ya wanawake katika mahubiri na uongozi iliandikwa wazi. Jeshi lilipopata jina lake, wanawake walikuwa takribani nusu ya maafisa wa vituo. Wengi walikuwa wasichana wa viwandani na watumishi wa nyumbani. Mwaka 1883 Jeshi liliacha kuadhimisha sakramenti. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kiroho, na Catherine alichangia sana mawazo hayo: hofu kwamba watu wangetegemea ishara ya nje badala ya badiliko la moyo. Lakini matokeo moja hayatajwi mara nyingi inavyostahili. Katika makanisa mengi mwanamke amezuiwa mezani pa Bwana kuliko mimbarini. Jeshi lilipoiondoa meza, liliondoa pia mlango ambao mwanamke angefungiwa. Kama huo ulikuwa ushindi wa theolojia ya Catherine au njia ya kulikwepa swali, wanatheolojia wanaweza kuendelea kubishana.

Mahubiri na miili ya wasichana

Mwaka 1885 sheria ya Uingereza ilimhesabu msichana wa miaka 13 kuwa anaweza kukubali kuingiliwa na mwanamume. Biashara ya wasichana ilistawi chini ya kivuli cha sheria hiyo. Jeshi la Wokovu, lililokuwa na nyumba za kuwapokea wanawake waliotoroka madanguro, liliungana na mwandishi wa habari W. T. Stead kuifichua biashara hiyo. Catherine alimwandikia Malkia Victoria, akahutubia mikutano mikubwa ya London, na Jeshi likapeleka bungeni ombi lililotiwa saini na watu zaidi ya 300,000 katika muda usiozidi wiki tatu. Mwezi Agosti umri ulipandishwa kuwa miaka 16. Stead alifungwa kwa namna aliyoutafuta ushahidi wake. Bramwell Booth, mwana mkubwa wa Catherine, alishtakiwa pamoja naye na kuachiliwa.

Kwa Catherine kampeni hiyo na mahubiri vilikuwa kitu kimoja. Aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hawezi kuwa bidhaa. Na aliyenyimwa sauti kanisani hunyimwa pia sauti mahakamani. Ni vigumu kuyasoma hayo huku Bukavu bila kukumbuka Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege chini ya jumuiya ya Kipentekoste ya CEPAC, ambako maelfu ya wanawake na wasichana waliobakwa katika vita vya Kivu wamepata matibabu. Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste, alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018. Hakuna uzi wa moja kwa moja kati ya Catherine na Panzi, wala si lazima uwepo. Mahali pote pawili, hata hivyo, waumini wa madhehebu ya uamsho walijikuta wakilazimika kusema hadharani mambo ambayo heshima ya kanisa ilitaka yafichwe.

Njia ya kufika Kongo

Catherine alifariki kwa saratani ya matiti tarehe 4 Oktoba 1890 huko Clacton-on-Sea. Jeshi lake lilifika Kenya mwaka 1921, Uganda mwaka 1931, na Tanganyika, kwa kuanzia Tabora, mwaka 1933. Kongo lilifikiwa kwa njia nyingine, ya Kifaransa. Binti yake mkubwa, aliyeitwa Catherine kama mama yake, ndiye aliyeongoza kazi ya Ufaransa kuanzia mwaka 1881, akiwa na miaka 22. Kazi ya Ubelgiji ikaanza mwaka 1889. Kutoka Ubelgiji walitoka Henri Becquet na mkewe, waliofungua kituo cha kwanza mjini Léopoldville mwaka 1934. Mwaka uleule Jeshi zima lilimchagua mwanamke kuwa Jenerali wake: Evangeline Booth, binti mwingine wa Catherine. Kazi ya Kongo ilizaliwa, basi, katika mwaka ambao kanisa hilo liliwekwa chini ya mwanamke, jambo ambalo makanisa makubwa ya koloni hilo hayakuweza hata kulifikiria.

Watu wa Kongo ya Chini hawakulipokea Jeshi kama lilivyojieleza. Simon Kimbangu alikuwa amekamatwa mwaka 1921 na kupelekwa kifungoni Elisabethville, nchi ya Waswahili, mbali na kwao, ambako alikaa mpaka kufa mwaka 1951. Maafisa wa Jeshi walipotokea na herufi S kwenye kola zao, wengi waliisoma kuwa S ya Simon, na wakamiminika kushikana mikono na Becquet wakiamini kwamba nabii wao amerudi kwa umbo jingine na kwamba mkono wake unaondoa uchawi. Hapa tena historia inakuwa suala la usomaji: herufi moja, maana mbili. Wakati huohuo aliyelishika kundi la Kimbangu kwa siri, miaka yote 30 ya kifungo, alikuwa mkewe, Marie Muilu. Na zaidi ya karne moja kabla Catherine hajazaliwa, Kimpa Vita alikuwa amehubiri katika ufalme wa Kongo na kuchomwa moto kwa ajili yake mwaka 1706. Yeyote anayesema kwamba Wazungu ndio walioiletea Kongo wazo la mwanamke mhubiri anapaswa kwanza kupita mbele ya majivu yale.

Katika Kivu ya Kusini hali ilikuwa tofauti. Eneo hilo lilitawaliwa kwa kiasi kikubwa na misheni za Kikatoliki. Uprotestanti uliingia hasa kwa mkono wa Wapentekoste wa Skandinavia, waliofika mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waswidi upande wa Uvira na Wanorwe huko Kaziba. Kazi zao ndizo zilizozaa jumuiya za CEPAC na CELPA. Wengi wa wamisionari hao walikuwa wanawake wasioolewa: wauguzi, wakunga, walimu, wainjilisti. Walitoka katika nchi ambazo mwanamke mhubiri hakuwa tena kioja. Nchini Swideni Jeshi la Wokovu lilianzishwa mwaka 1882 na kuongozwa na mwanamke, Hanna Ouchterlony, ambaye baadaye alikwenda kuliongoza nchini Norwe pia. Upentekoste wenyewe ulichipuka kutoka katika harakati za utakaso ambazo Catherine alikuwa mmoja wa sauti zake kubwa. Lakini Upentekoste wa Skandinavia ulikuwa na mpaka wake: mwanamke aliruhusiwa kuinjilisha, kufundisha, hata kuanzisha kituo porini, uzee wa kanisa na uchungaji ulibaki kwa wanaume. Mpaka huo ulivuka bahari pamoja na masanduku.

Chemchemi ya pili ilitoka jirani. Uamsho wa Afrika ya Mashariki uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulienea Uganda, Tanganyika, Kenya na mashariki ya Kongo. Nao ulilelewa na mafundisho ya utakaso, ingawa kwa njia ya Kianglikana. Kilichowashtua wengi ni kwamba katika mikutano ya waliookoka mwanamke alisimama na kuungama na kushuhudia mbele ya mumewe, wazee na wamisionari, na wote wakasikiliza. Hakuna aliyemwita mhubiri. Hata hivyo alichokifanya hakina jina jingine. Ilichukua miongo mitano mmoja wa wana wa Uamsho huo, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, kuwaweka wanawake katika ukasisi, mwaka 1983. Kati ya kuruhusiwa kusema na kupewa cheo kuna umbali ambao makanisa ya eneo hili yameupima kwa vizazi.

Mama asiye na cheo

Kiswahili hakina kizuizi cha kisarufi katika jambo hili. Mhubiri, mchungaji, nabii, mwinjilisti na mtume vyote viko katika ngeli ya A-WA, na kiwakilishi "yeye" hakiulizi jinsia. Sentensi "mchungaji amesema" ni kamili kwa Petro na kwa Fibi. Ni matumizi, wala si sarufi, yanayomfanya msikilizaji wa Bukavu amwone mwanamume akilini mara asikiapo "mchungaji", na kumfanya msemaji aongeze "mwanamke" au "mama" pale anapotaka kuliondoa wazo hilo. Neno "mama" lenyewe ni la heshima kubwa katika Kiswahili cha Kongo, na haifai kulidharau. Lakini linapowekwa mbele ya cheo hufanya kazi mbili: hupandisha mtu katika ujamaa na kumshusha katika orodha ya madaraka.

Catherine mwenyewe anatoa mfano bora wa utata huo. Wafuasi wake walimwita Mama wa Jeshi, na mpaka kufa hakuwahi kuwa na cheo chochote rasmi ndani ya Jeshi ambalo wasichana wa viwandani waliitwa makapteni kwa nguvu ya kijitabu chake. Kwa muda mrefu baada yake, mpaka miaka ya 1990, cheo cha afisa mwanamke aliyeolewa kilifuata cha mumewe, ingawa wote wawili walisoma chuo kimoja na kuwekwa wakfu pamoja. Katika ndoa Catherine aliendelea kukubali kwamba mume ni kichwa, na swali la jinsi kichwa hicho kitakavyoishi na mke anayewaongoza wanaume wengine hakulimaliza. Wanawake wengine wawili walipata kuwa Majenerali baada ya Evangeline katika karne iliyopita na mwanzo wa karne hii, Eva Burrows mwaka 1986 na Linda Bond mwaka 2011. Wote watatu hawakuolewa.

Kwa matumizi ya lugha ya Bukavu, basi, Catherine Booth angeitwa "mama mchungaji" kwa maana zote mbili kwa wakati mmoja: mke asiyewekewa mikono, na mtumishi ambaye mahubiri yake yalimlisha mchungaji, mumewe.